Bata wa Kiswere na Mikono ya Bi. Somoe

Siku niliyoripoti kazini Kilwa Masoko nilivaa buti za mpira, maana chuoni nilisomea ng'ombe na nilitaka ng'ombe. Afisa Mifugo wa Wilaya alizitazama buti zile, akacheka mpaka akavua miwani. "Huku kuna mbung'o, kijana. Ng'ombe ni wa kuhesabu kwa vidole. Wewe utakuwa wa kuku." Adhuhuri haijafika nilikuwa nimechuchumaa uani kwa mtu, nimemshika jogoo wa kwanza wa kazi yangu, naye akanichana kiganja. Mwenye nyumba akasema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Watoto wakaniita Bwana Kuku, na jina hilo lilinifuata hadi nilipostaafu.

Kazi yenyewe ilikuwa ya mikono. Kideri, ule ugonjwa unaofagia kuku wa kijiji kizima, tuliuchanja kwa tone moja jichoni. Mayai tuliyapima kwa tochi: unatoboa boksi, unaweka tochi ndani, unapachika yai juu ya tundu, na ukiona mishipa myekundu ujue lina uhai. Afisa yule alikuwa mkali na mjuzi, na alinifundisha neno nililolishika kuliko yote. "Mfugo hausemi," alisema. "Mwenye mfugo ndiye husema, na akisema, wewe punguza nusu." Nikapunguza nusu miaka yangu yote.

Baadaye nilihamishiwa Kiswere, kijiji cha wavuvi kati ya Kilwa na Lindi. Wanaume walikuwa watu wa bahari, kuku walikuwa wa wanawake, na mambo ya kuku yalikuwa na mwenyewe, Bi. Somoe. Kuku akitaka kuatamia, mtu hakujiwekea mayai ovyo. Bi. Somoe aliitwa alasiri, akaja na udhu wake, akapiga bismillahi, akayapanga chini ya kuku moja moja, kwa idadi ya witri, yaani isiyogawanyika kwa mbili. Waliamini ana mkono wa heri. Hakulipwa kitu zaidi ya chai na heshima, na heshima hiyo ndiyo iliyokuwa mali yake, maana alikuwa mjane asiye na mengi. Nilizoea kumtania kwamba joto la kuku ndilo linaloangua, si bismillahi. "Basi lete joto lako tuone, Bwana Mifugo," alinijibu, na uani kote wakacheka.

Kisha utitiri ukatuvamia. Hivi ni vijidudu vidogo kuliko punje ya ufuta, hujificha kwenye miti ya banda na kunyonya damu ya kuku wakilala. Dawa za duka zilikuwa haba, nasi tulizoea kushauri miti ipakwe oili chafu. Vijana wakaleta madumu ya mafuta kutoka kwenye transfoma kuukuu, iliyotelekezwa katika shamba la mkonge lililokufa zamani. Niliyanusa, nikayasugua kati ya vidole, nikasema yanafaa. Tukapaka mabanda ya kijiji kizima. Utitiri ukaisha, nami nikasifiwa.

Msimu uliofuata mayai ya kuku yakaacha kuanguliwa. Kwenye tochi mishipa ilionekana, kiinitete kilikua vizuri, halafu karibu na kutoka kikafia ndani. Vifaranga vichache vilivyotoka vilikuwa vimevimba maji shingoni na tumboni, na vingine midomo yao imepishana kama mkasi mbovu. Kuku wakubwa walitembea wazima. Na bata, waliolala katika mabanda yaleyale, waliangua kama kawaida yao.

Kijiji kikaita mkutano. Mzee mmoja mvuvi akauliza kama si yale mafuta. Nilisimama kwa kujiamini ambako nikikukumbuka leo natamani ardhi inimeze.

"Bata wanalala humo humo, wanadonoa humo humo, na wanaangua," nilisema. "Ingekuwa sumu wangekufa wote. Ndege ni ndege."

"Sasa ni nini?" wakauliza.

Nilipaswa kusema sijui. Lakini mtaalamu aliyeletwa na serikali angesemaje hajui mbele ya watu? Nikasema ni uchafu. Ganda la yai lina vitundu, nikawaeleza, na vijidudu vya mikononi hupenya humo vikaua kiinitete. Na hapa kijijini mayai yote hupita mikononi mwa mtu mmoja. Jina sikulitaja. Alikuwa ameketi mbele yangu.

"Na ya bata je?" Bi. Somoe akauliza polepole. "Si nayaweka mimi pia?"

"Ganda la bata ni nene," nikajibu.

Jibu lile lilitoka haraka, na kwa sauti ya mtu aliyesoma, likatosha kufunga mkutano. Bi. Somoe alinunua sabuni, akawa ananawa mpaka vidole vikapauka, na mayai yakazidi kufa. Wanawake wakaacha kumwita, kwanza kwa visingizio, baadaye bila kisingizio. Watu wakageukia bata. Nikaandika katika taarifa yangu kwamba Kiswere imeitikia ushauri wa kitaalamu, na Daktari wa Mifugo wa Mkoa akafurahi, akanipandisha cheo na kuniita Lindi. Huku nyuma miti ya mabanda yale ikaoza, wakajenga mapya, wakanunua kuku wengine, na mayai yakaanguliwa. Kila mtu aliona kuku wamepona baada ya Bi. Somoe kuacha kuwagusa. Hakuna aliyekumbuka madumu.

Nilikuwa bosi mdogo mwenye kitambi nilipopelekwa semina Mtwara. Mkufunzi alikuwa mama mpole, mtaalamu wa sumu. Alitueleza dioksini na jamaa zake, sumu zinazotoka kwenye plastiki zikichomwa na zile zilizomo katika mafuta ya baadhi ya transfoma za zamani. Hukaa katika mafuta ya mwili, na kuku akitaga huingia kwenye kiini cha yai. Ndani ya chembe za mwili, alisema, kuna kitu kinachoitwa kipokezi, nacho ni kama kufuli, na sumu hii ni ufunguo wake. Ndege wote wana kufuli hilo, ila halikuchongwa sawasawa. La kuku, ufunguo huingia na kuzunguka mara moja. La bata mzinga hugoma kidogo. La bata hawa wetu, na la baadhi ya ndege wa baharini, hugoma sana, hata kiasi kinachoua kifaranga wa kuku ndani ya yai, wa bata hupita nacho salama.

"Kwa hiyo," alisema mkufunzi, "ukitaka kujua kama sumu hii ipo, usimwulize bata. Muulize kuku."

Wenzangu waliandika. Mimi niliweka kalamu chini. Kuku walikuwa wameniambia, tena kwa vifo vyao, nami nikawapunguza nusu. Ningeweza kupanda basi kesho yake nikaenda Kiswere. Sikwenda. Nilizunguka pwani nzima nikikataza mafuta ya transfoma, Songo Mnara nilifika, Songo Songo nilifika, na zamu ya Kiswere nikamtuma msaidizi. Kila mara nilipata kazi nyingine ya haraka. Nawaambia ninyi mnaoanza kazi: niliona haya kumwomba radhi mwanamke niliyemvunjia heshima hadharani, na haya hiyo niliiita shughuli.

Mwaka huu, nikiwa mstaafu nisiye na shughuli ya kusingizia, nilikwenda. Nilimkuta ameketi mkekani, amezeeka, na binti yake Zuhura kando yake na kichanga chake.

"Shikamoo, Bi. Somoe."

"Marahaba, mwanangu. Bwana Mifugo! Kumbe u hai? Kaa."

Nilimwambia yote, mafuta, bata, kufuli, na mkutano. "Mikono yako haikuwa na kosa lolote," nikamaliza. "Kosa lilikuwa langu, na nimelijua siku nyingi nikanyamaza. Niwie radhi."

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Nimekusamehe. Mungu atusamehe sote. Lakini kuku walipona nilipoacha kuwagusa."

"Walipona mabanda yalipobadilishwa."

"Huenda," akasema.

Zuhura alikuwa analia. "Mama, umesikia? Wanangu wote, hata mmoja hukumpakata akiwa mchanga. Sisi tukidhani huwapendi." Akamnyanyua mtoto na kumsogezea. "Haya, mshike huyu."

Bi. Somoe alimtazama yule mtoto kwa hamu ambayo hata kipofu angeiona. Mikono ikanyanyuka, ikafika nusu ya njia, kisha akairudisha na kuificha ndani ya kanga.

"Muache kwanza akue," alisema. "Akishatembea nitamshika."