Damu Yangu na Kidonge cha Tante

Miti, kijijini kwetu, saa kumi na mbili asubuhi. Sababu ya kutoka kwenda Bukavu ni mguu wangu wa kuume. Nilianguka na pikipiki, na mpaka leo, miezi tisa baadaye, mfupa wa chini ya goti umekataa kuungana. Dokta wa Bukavu alisema kabla ya kunipasua tena atajaribu kitu: atatoa damu yangu mwenyewe, aizungushe kwenye mashine, achukue ile sehemu inayosaidia kuponyesha, anichome nayo pale penye ufa. Hakuahidi kitu. Ikishindikana ni kupasuliwa, na mwaka wa shule unapotea tena. Sharti lilikuwa moja: siku kumi nisimeze ibuprofeni, ile dawa ya maumivu. Siku hizo nilizimaliza nikiuma shuka.

Bagira, saa mbili. Mimi na Papa tulishuka njiani kusalimia tante, dada yake, kwa sababu kupita bila kusalimia ni vita. Papa alikuwa amemwambia kwa telefone kitu kimoja tu: “Batatoa damu.” Basi tukakuta watu wanne kwenye mabenchi, wamevaa nguo za misa. Kwetu damu ikitajwa hospitalini, familia inakuja kutoa yake.

“Mi njo wa kwanza,” tonton, mume wa tante, akasema, mkono wa shati umeshakunjwa. “Damu yangu iko na nguvu.”

“Ile hapana damu,” tante akamjibu. “Ile iko pombe ya kasiksi ya juzi!”

Nikasema wanataka yangu tu. Niliyaambia magoti yangu, kwa hiyo hakuna aliyesikia.

Tante akaniona nakunja uso. “Pole, mama yangu. Kunywa hii, barabara iko mubaya.” Nilisoma jina kwenye pakiti: ibuprofeni. Nililijua vizuri. Lakini familia nzima ilikuwa inanitazama, na mimi nikitazamwa ulimi unakufa. Nikameza.

Bukavu, saa tano. Wale wanne walipanda gari nasi. Pale Nyawera tulikwama nyuma ya lori la ndizi, na tonton akatoa ushauri kwa kila dereva. Tukaingia kwa dokta watu sita.

“Hawa wote ni wagonjwa?”

“Ni wa kutoa damu,” Papa akasema.

“Nahitaji ya mutoto peke yake.”

Tonton akashusha mkono wa shati kama mtu aliyetukanwa. Dokta akashika sindano. “Hajameza kidonge nilichokataza?”

“Hata kimoja! Huyu mutoto anasikiaka,” Papa akajibu, kama vile anavyonijibia siku zote.

Ningeweza kunyamaza. Lakini mfupa ungejua.

“Nimemeza. Leo asubuhi.”

Dokta akaweka sindano chini. “Ile dawa inalegeza kile tunachotafuta mu damu. Muanze tena siku kumi.”

Njiani, karibu na Bagira, Papa akanigeukia. “Ulijua?”

“Nilijua.”

“Na kinywa ulikiacha Miti?”

Bagira tena, saa tisa. Tante alikuwa amepika maini na maharagwe kwa ajili ya waliotoa damu. Hakuna aliyetoa hata tone, na sufuria ikaisha. Kisha akanijia na maji na pakiti ileile.

“Hapana, tante.”

Nilisema kwa nguvu mpaka tonton akaacha kutafuna.

Miti, jioni. Nilichojifunza ni hiki: familia yangu iko tayari kunitolea damu yote, lakini ile “hapana” ni lazima niitoe mwenyewe. Leo ni siku ya kwanza ya zile kumi. Mguu unauma vibaya sana.