Kitambaa cha Nane

Mtaani kwetu, juu ya bandari ya Bergen, nyumba ni za mbao na zimebanana, kiasi kwamba nikifungua dirisha la jikoni naweza kumpa jirani yangu Hallgrim chumvi mkononi. Mtu wa huku hukua akiogopa moto kama wengine wanavyokua wakiogopa nyoka. Mimi nilijiona mwangalifu kuliko wote. Ndiyo maana bado naona haya kusimulia yaliyotokea juma lile Torleif Haukås aliponitengenezea sakafu.

Torleif alikuwa na miaka sitini na moja, na thelathini na minne kati yake aliitumia kwa magoti, akikwangua sakafu za watu. Mashine ya msasa ilikuwa imemla masikio, kwa hiyo alisema kwa sauti kubwa hata mkiwa mmekaa meza moja. Siku ya kwanza alizamisha misumari yote kwa nyundo, mmoja mmoja, kisha akaiangalia rangi ya kijivu ambayo marehemu mume wangu, Steinar, aliipaka mwaka hadi mwaka.

"Dada Ingunn," akasema, "tabaka tano hizi. Mumeo alikuwa anapaka rangi au anaficha maiti?"

"Alikuwa anaficha ubao uliopasuka."

"Basi amefaulu. Nimeuona sasa hivi tu."

Siku tatu nyumba ilinguruma. Rangi ikatoka, ukatokea msonobari wa rangi ya asali, nami nikasimama mlangoni nimeshika kikombe cha kahawa, nisijue kama nicheke au nilie.

Siku ya nne ilikuwa ya kuupaka ubao mafuta. Torleif aliyamwaga kidogo kidogo, akayasugua kwa kitambaa, akipiga magoti na kurudi kinyumenyume kuelekea mlangoni. Kila kitambaa kilicholowa alikitumbukiza kwenye ndoo ya bati yenye maji, akafunika.

"Mbona unayatunza matambara kuliko sakafu?" nikamuuliza.

"Nimeingia na nane, natoka na nane. Mafuta haya yakianza kukauka ndani ya kitambaa kilichokunjwa, yanapata joto yenyewe. Hayangoji kiberiti."

Nilimsikia. Nilidhani ni mbwembwe za mafundi. Alipotoka kwenda kuleta kopo jingine garini, nilichukua kitambaa kimoja chenye mafuta alichokiacha sakafuni, nikakisugulia kigoda cha mama yangu kilichokuwa ukumbini. Kiling'aa vizuri. Kisha nikakikunja, nikakitupa kwenye kikapu cha magazeti chini ya ngazi, kwa sababu kila kitu cha kutupwa hukitupa humo.

Kabla hajamaliza kufunga vifaa, lori la taka likapiga honi chini. Gari la Torleif lilikuwa limeziba njia. Dereva alikuwa anamtukana. Torleif akabeba ndoo, akaondoka mbio bila kuhesabu. Mimi nikafunga mlango, nikateremka kwa dada yangu Magnhild, kwani sakafu isingekanyagwa mpaka kesho.

Tulikuwa tunakula keki za samaki, saa tisa na nusu mchana, nilipoitoa simu kwenye mkoba. Torleif alikuwa amenipigia mara saba. Ya nane iliingia mkononi mwangu.

"Dada Ingunn, nimehesabu saba. Ulichukua kitambaa changu?"

"Kimoja tu. Nilisugulia kigoda."

"Kiko wapi?"

"Kwenye kikapu cha magazeti. Chini ya ngazi."

Nilisikia injini ya gari lake.

"Ufunguo anao nani?"

"Ninao mimi."

"Basi kimbia. Nawaita zimamoto, nami nakuja."

Kwa Magnhild mpaka kwangu kuna ngazi mia na arobaini za mawe, na mvua ilikuwa inanyesha. Nina miaka sitini na sita na goti bovu. Sikukumbuka goti. Nilichokiona akilini ni dirisha la Hallgrim, na nyuma ya dirisha lile kitanda cha watoto wake pacha, ambao muda ule huwa wamelala. Kila kona niliyokata nilitazama juu kwanza, nikitafuta moshi, na niliogopa zaidi nisipouona, nikidhani bado unajikusanya ndani.

Torleif alikuwa mlangoni ametangulia, uso mweupe kama unga. Ufunguo ukakataa tundu. Akaushika mkono wangu na ufunguo humo humo, tukafungua.

Harufu ilitupiga kwanza, kali, kama mafuta yaliyoungulia kwenye kikaango. Ukumbini palikuwa na ukungu mwembamba wa moshi. Kikapu kilikuwa kimeanza kuwa cheusi upande mmoja, na gazeti la juu lilikuwa na tundu lenye ukingo mwekundu uliokuwa unatambaa. Mlango ulipoingiza hewa, ukingo ule ukang'aa.

"Rudi nyuma," akasema. Kwa mara ya kwanza alisema polepole.

Akakibeba kikapu kwa mikono mitupu, akapita nacho mlangoni, akakitupa kwenye mawe barabarani. Hapo ndipo ulimi wa moto ukatoka, mrefu kama mkono wangu. Akakimwagia ndoo nzima ya maji aliyoiteremsha garini. Zimamoto walipofika walikuta majivu na fundi aliyekaa kwenye ngazi, viganja vimeungua.

Nilimfunga mikono kwa taulo lenye maji baridi. Ndipo aliponiambia kuwa mwaka wake wa pili kazini aliacha mfuko wa matambara jikoni kwa mzee mmoja huko Laksevåg. Mzee alitolewa akiwa hai, lakini paka wake hakutoka, na mzee hakuongea naye tena mpaka alipokufa.

"Nisamehe, Torleif," nikasema.

"Mimi nimekusamehe. Mwenye pacha je? Nenda ukamwambie."

"Lakini moto umezimika."

"Nenda ukamwambie, dada."

Niliogopa mlango ule kuliko nilivyouogopa wangu. Hallgrim alifungua akiwa na mtoto mmoja begani. Nilimweleza yote, bila kuyapunguza. Alinisikiliza hadi mwisho, akalitazama dirisha langu, akamhamishia mtoto bega la pili.

"Afadhali umesema mwenyewe," akasema. Kisha akafunga mlango.

Majuma matatu hakunisalimia, nami sikumlaumu. Torleif alirudi viganja vilipopona, akapaka tabaka la pili la mafuta. Sakafu imetoka nzuri sana. Kila mgeni anaisifu. Mimi naikanyaga kwa soksi tu, na mara nyingine nasimama katikati ya chumba, navuta pumzi, nanusa.