Siku Niliyojaribu Draiva ya Sauti Wageni wa Posa Wakiwa Sebuleni

Hili nilitaka libaki ndani ya ukoo, lakini kwa kuwa shangazi zangu wameshalifikisha mpaka Ngerengere, bora mlisikie kwangu mwenyewe, maana wao wanatia chumvi na aibu yangu haihitaji chumvi zaidi.

Mimi najitolea kukagua mabadiliko kwenye mfumo mmoja wa kompyuta unaotengenezwa na watu wa nchi mbalimbali. Sehemu yangu ni draiva za sauti, yaani zile programu ndogo zinazoiambia kompyuta namna ya kuongea na spika zake. Kuna mwenzetu alituma usafi mdogo wa draiva moja (hakubadilisha kazi yoyote, alisema, amefuta tu mistari inayojirudia), na msimamizi akauliza kwenye kundi letu la mtandaoni nani ataujaribu kwenye kompyuta inayotumia draiva hiyo. Nikajibu mimi. Nilikuwa mgeni pale, nikajiambia leo watanijua. (Wakanijua.)

Tatizo, siku hiyo hiyo nyumbani kwetu Mafiga walikuja wageni wa posa ya mdogo wangu Zuhura. Sebuleni alikaa Mjomba Shabani, ambaye bila neno lake hakuna binti wa kwetu anayeolewa, na mbele yake mshenga, Mzee Banzi, mtu wa heshima zake, ila akizungumza hawezi kwenda mbali bila kusafisha koo na kusema "kwa hivyo basi". Mama akaniambia, "Rehema, leo hiyo kompyuta ifunge." Nikasema ndiyo mama, nikaingia chumba cha pili, ambacho kina pazia tu badala ya mlango, nikaifungua, kwa sababu ni jaribio dogo na watu wananisubiri.

Nikaweka draiva mpya, nikabonyeza rekodi ya kwanza niliyoiona. Kimya. Nikadhani nilipunguza sauti asubuhi, nikaipandisha mpaka mwisho, bado kimya, nikasema basi, ngoja nitumie hedifoni kistaarabu. Nikachomeka, nikavaa, sauti ikaja safi masikioni, na hapo ndipo nikatambua rekodi yenyewe: ile niliyomwigiza Mzee Banzi baada ya ujio wake wa kwanza, nakohoa na kusema "kwa hivyo basi… tumekuja… kwa hivyo basi… kuomba maji ya kunywa", na nyuma yangu Zuhura anacheka hana mbavu, anasema, "Dada, huyu mpaka amalize posa nitakuwa na wajukuu."

Nikatabasamu peke yangu. Nikaandika kundini, kila mtu aone: nimeikagua, nimeijaribu, iko sawa. Nikatuma.

Nilipoinua kichwa, Mama alikuwa amesimama penye pazia, mdomo unatembea na simsikii. Nikavua hedifoni, nikajisikia mwenyewe nikikohoa kwenye spika, nyumba nzima. Nikachomoa waya. Kimya. Mtu mwenye akili hapo angekimbilia kuomba radhi, mimi nikawaza: nikichomoa waya, spika zinanyamaza, nikichomeka zinaongea, kumbe imegeuzwa. Na kwa kuwa kuona mara moja si kuhakikisha, nikachomeka tena.

"Kwa hivyo basi," ikasema kompyuta.

"Rehema," Mjomba akaita, taratibu, "njoo huku."

Nikapiga magoti, nikasema shikamooni. Zuhura alikuwa mlango wa jikoni, kajifunika uso kwa khanga. Nikamwambia Mzee Banzi nimekosa, mchezo ule niliuanza mimi, mdogo wangu asihukumiwe kwa ajili yangu. Akanitazama.

"Lakini mimi sisemi hivyo mara nyingi namna hiyo," akasema. Akasafisha koo. "Kwa hivyo…" Akajishtukia, akamgeukia Mjomba, na Mjomba alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yanatikisika. Mzee akaanza kucheka kwa sauti yeye kwanza, ndipo sisi wengine tukapumua.

Ningetulia hapo nimshukuru Mungu. Lakini neno langu bado lilikuwa huko kundini likisema iko sawa, na wakiliamini, draiva ile ingeingia kwenye kompyuta za watu wasio na hatia.

"Mjomba, naomba ruhusa nirudi ndani. Kuna watu nimewaambia jambo lisilo kweli."

"Tuna wageni," Mama akasema, meno yamebana.

"Mjomba, naomba," nikarudia, na magoti sikuyainua.

"Mwache akamalize," akasema Mzee Banzi. "Hiyo kompyuta isije ikaniaibisha na kwa wengine."

Nikarudi, nikafuta kauli yangu mbele ya wale wale wa kundini, kisha nikasoma mstari kwa mstari mpaka nikaipata: katika kusafisha, mwenzetu alikuwa amefuta na alama moja ya kukanusha, kwa hiyo pale paliposema "washa spika kama hedifoni haijachomekwa" pakawa panasema "kama imechomekwa". Nikairudisha, nikajaribu, nikatuma. Msimamizi akauliza nimegunduaje. Nikaandika ukweli wote, na kwa kuwa kundi lile ni la wazi, unaweza kuusoma hata leo.

Posa ilipokelewa. Mimi bado nakagua, sikuacha na sitaacha, ila neno "nimejaribu" siliandiki tena mpaka nimevua hedifoni na kumwuliza mtu aliye chumba kingine yeye amesikia nini.