Mgeni Hajasema Turudi

Kwanza mniwie radhi kwa mwandiko huu. Niliishia darasa la saba kule Katumba, makazi ya wakimbizi wa Burundi huko Tanzania, na kalamu hunienda polepole. Mhariri wa gazeti hili akikuta herufi zimekosewa azirekebishe, lakini mambo yenyewe asiyaguse, maana yalitokea hapa hapa Toronto na nilikuwepo. Mimi si mtu wa kusema mbele za watu. Ningekuwa na njia ya kunyamaza, ningenyamaza.

Kaka yangu Zakaria ndiye aliyenileta Kanada. Alikuwa akipakua mizigo kwenye maghala ya Malton, karibu na uwanja wa ndege, na furaha yake ilikuwa pikipiki moja kubwa, kuukuu, ya safari ndefu. Kiangazi kimoja alinipakia nyuma tukaenda hadi Winnipeg na kurudi. Katika safari hiyo ndipo alinifundisha habari za tairi. Upepo hupimwa asubuhi, kabla mpira haujapata joto, kwa sababu tairi lenye upepo mdogo na mzigo mzito hujipika lenyewe. La nyuma huisha kabla ya la mbele. Na jambo moja sikulisahau: barabara ndefu iliyonyooka hula tairi katikati tu. Pembeni linabaki jipya, katikati linakuwa bapa kama meza. Ukilitazama ubavuni utasema ni zima. Ukifika kwenye kona ndipo unajua, pikipiki inagoma kulala upande.

Tuliporudi, la nyuma lilikuwa hivyo. Kaka akafunga jipya, gumu, la kumfikisha Vancouver mwaka uliofuata. Lilikuwa bado na vile vinyweleo vya mpira ambavyo tairi jipya huja navyo. Jumapili baada ya ibada alisimama analipapasa kwenye maegesho ya kanisa letu, huku mtaa wa Malvern, mpaka Mama Esta, anayetupikia chakula cha kanisa, akamwambia, "Wenzako wanatafuta mchumba, wewe unabembeleza tairi." Kaka alicheka sana. Nakikumbuka kicheko kile kwa sababu sijakisikia tena.

Hapo ndipo mgeni alipoingia. Mtu wa makamo, koti la ngozi, pikipiki imesheheni mabegi, kioo cha mbele kimejaa wadudu waliokufa. Alitusalimu kwa Kiswahili, tena cha Katumba kabisa, kama mtu tuliyechota naye maji bomba moja. Wewe ungemwacha nje? Tukamkaribisha ukumbi wa chini, akala wali na maharage pamoja nasi. Alisema anatoka ng'ambo ya milima, pwani ya upande wa pili wa nchi, na kwamba hajapumzika njiani. Hakuna aliyemuuliza jina. Kwetu mgeni hula kwanza.

Alipomaliza kula, kaka akatoka naye kwenda kuiona pikipiki yake, na mimi nikafuata. Kaka akachuchumaa, akapitisha kidole kwenye mpira. Matairi ya mgeni yalikuwa mapya. Sisemi mazuri, nasema mapya, vinyweleo vimesimama. Vumbi la nchi nzima liko juu ya mabegi, na mpira haujaliwa hata kidogo.

"Ndugu, pikipiki hii uliibeba kichwani?" kaka akamuuliza.

Mgeni akatabasamu. "Mimi sichakai," akasema. "Huchakaa wanaonisindikiza."

Kaka akadhani ni utani wa watu wa pikipiki. Hata mimi nilidhani hivyo.

Sasa nieleze jambo ambalo watoto waliozaliwa huku hawalijui. Marehemu mama alitufundisha kwamba mgeni haachwi aondoke peke yake, anasindikizwa. Na ukishaanza kumsindikiza hugeuki unapotaka wewe. Unangoja yeye mwenyewe aseme, "Inatosha, rudini." Mgeni mwenye adabu husema mapema, hata hamjafika njia panda. Kugeuka kabla hajasema ni sawa na kumfukuza. Basi huyu aliomba asindikizwe hadi barabara kuu tu. Kaka akaniambia nipande nyuma.

Tulifika barabara kuu. Mgeni hakusema kitu, akaingia barabara hiyo, ile 401, kuelekea mashariki, na sisi nyuma yake. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, lami imelowa. Niliona kwamba gurudumu lake halirushi tone la maji. Nikageuka kutazama tulikotoka. Nyuma yetu kulikuwa na mstari mmoja tu kwenye maji, nao ulikuwa wetu.

Nikampiga kaka begani. Nikamwambia turudi.

"Hajasema turudi," akanijibu.

Tukaenda. Sijui nieleze vipi ili mniamini. Jua lilikaa pale pale lilipokuwa. Mshale wa petroli haukushuka. Magari mengine yalikoma kupita, na mimi nikaanza kuhisi baridi ya mtu aliyekaa kwenye pikipiki tangu asubuhi hadi magharibi, magoti yameganda. Kisha tairi likaanza kuimba. Kila aliyesafiri mbali anaujua mlio huo, ni wa mpira ulioliwa ukawa bapa. Nikasikia harufu ya kuungua. Nyuma kukaanza kuyumba, na kaka akasimama pembeni mwa barabara.

Nilishuka nikalitazama. Tairi jipya, la Vancouver, lilikuwa kipara katikati, nyuzi zimetokeza. Pembeni vinyweleo vyake vilikuwa bado vimesimama.

Mgeni naye akasimama, akarudi kwa miguu hadi tulipo. "Limeisha?" akauliza kwa upole, kama mtu anayekupa pole ya msiba.

Nilikusanya maneno yote niliyokuwa nayo. "Mzee, tafadhali. Tuambie turudi."

Alinitazama. "Mgeni hafukuzwi, mwanangu. Kama yeye amechoka, nisindikize wewe."

"Huyo mwache," kaka akasema. "Mimi ndiye niliyekupokea." Kisha akanigeukia. "Ningoje hapa, dogo. Atasema tu, si mtu mbaya."

Akaondoka juu ya nyuzi. Nilisimama nikimwita mpaka sikumwona tena. Papo hapo jua likazama, magari yakarudi, na nilipotazama nilipo niliona maghorofa ya Malvern. Nilikuwa kwenye daraja la kwanza tu baada ya kuingia barabara kuu. Mwendo huo wote, na tulikuwa hatujatoka nyumbani.

Kaka alirudi juma hilo hilo, mchana, kwa miguu, akisukuma pikipiki iliyobaki ringi tupu. Nilimvua viatu. Nyayo zake zilikuwa laini kama kioo, hazina hata mstari, na vidole vya mikono vivyo hivyo.

Hospitali hawakuona ugonjwa. Lakini mimi najua, kaka yangu ameliwa katikati. Ukiingia atakusalimu vizuri na kukuuliza habari za watoto. Ukiondoka atakuaga. Hapo kati hamna mtu. Anakumbuka Katumba tulipokuwa wadogo, anakumbuka chai ya asubuhi hii, ila miaka yote ya katikati hana. Hukaa kwenye kiti, mikono mbele, akitikisika kidogo kama aliye barabarani. Kwenye kiti hicho haondoki, lakini kandambili ninazomvalisha hutoboka soli, na zikitoboka namnunulia nyingine.

Nimemwambia, "Kaka, inatosha, rudi." Mchungaji amemwambia. Mama Esta amemwambia huku analia. Hututazama kwa huruma, anajibu, "Hajasema." Sisi si mgeni, na neno si letu.

Juzi alinisalimu, kisha akaniuliza mama yetu alikuwa nani. Safari bado inaendelea, na sasa imeanza kumla pembeni.

Nyinyi mnaosoma, wasindikizeni wageni wenu, desturi ni njema. Lakini kabla hamjavuka kizingiti semeni mtaishia wapi, na msione haya. Na mtazameni mgeni anasimama juu ya nini. Aliyetoka mbali hawezi kukosa alama ya njia chini yake. Kama hana, kuna mwingine aliyechakaa kwa ajili yake.

Kama mtu huyo amefika kwenu, Ottawa, Montreal au popote gazeti hili linapofika, niandikieni kupitia kwa mhariri. Msimuulize jina. Mlisheni, kisha mwombeni aseme neno lile moja, hata kwa sauti ndogo. Sidhani kama bado litamfaa kaka. Lakini niandikieni, hata kama hamjamwona. Nyumba yetu iko kimya sana, na mimi husoma barua polepole, moja hunitosha siku nyingi.