Chupa Ambayo Kipimo Hakikuiona

Mpaka leo, mtu akijisifu mbele yangu kwamba takwimu zake zimefaulu kipimo cha mgawanyo wa kawaida, masikio yananiwaka moto. Zimefaulu! Kwani hicho kipimo kimewahi kuingia zizini?

Miaka ya tisini nilikuwa mwanafunzi, nimepanga chumba Soweto, Moshi mjini. Utafiti wangu ulihusu maziwa ya ng'ombe wa kikundi cha akina mama kwetu Masama, na mama yangu alikuwemo. Ng'ombe walitolewa na mradi: asiyemtunza wake, kikundi kinamchukua na kumpa mwingine. Kila mama alipima maziwa asubuhi, mimi nikakusanya na kuingiza kwenye kompyuta. Nilitaka kujua kama takwimu zimerundikana katikati na kupungua sawasawa pande zote mbili, ndio huo mgawanyo wa kawaida. Kompyuta ikasema haioni kasoro. Nikafurahi kama mjinga.

Nilikuwa nimefundishwa, nikasahau kwa makusudi, kwamba ng'ombe wakiwa wachache kipimo kile hukubali karibu chochote, na wakiwa maelfu hukataa hata kwa kasoro isiyomdhuru mtu. Ningechora nukta tu kwenye karatasi, ningeiona ya mama imekaa chini peke yake, nikamuuliza kulikoni. Sikuchora.

Kikundi kikakutana kwenye ukumbi wa kanisa, nikasoma matokeo. Ng'ombe wa mama yangu akawa wa mwisho. Mwenyekiti akaniuliza, "Una hakika, mwanangu?" Nikajibu kwa kujisikia kwamba takwimu zimeshapimwa na ziko safi. Mama alikuwa ameinama, anakunjakunja pindo la khanga yake. Nami, jamani, nikamwonea aibu yeye! Nikajisemea, hata ng'ombe mmoja anamshinda.

Jirani yetu, ambaye hushuka mjini na ndizi zake karibu kila asubuhi, akasimama, mikono kiunoni. "Yeleuwi! Na ile chupa ya maziwa ninayokuletea Soweto inatoka kwa ng'ombe gani?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Kumbe mama alikuwa anajaza chupa yangu kwanza, ndipo anapima yaliyobaki. Na alikuwa tayari anyang'anywe ng'ombe kuliko wenzake wajue kwamba msomi wake bado ananyonya. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze, na makaratasi yangu yote.

Wakamwachia ng'ombe wake. Tukiwa njiani kurudi, kwenye kijia cha migombani, nikamwambia, "Mama, naomba usinitumie tena maziwa."

Akanikata jicho. "Nyamaza. Hicho kipimo chako kimekuambia umeshiba?"

Nikarudi mjini, na asubuhi iliyofuata chupa ikafika mlangoni kama siku zote. Kwa aibu yangu yote ile, nilikuwa na njaa, nikainywa.