Kanyaga, Baba

Daktari aliyegundua ugonjwa wa binti yangu hakunifundisha dawa kwanza. Alinifundisha kusikiliza. Alisema ugonjwa wenyewe unaitwa sistiki faibrosisi, mtoto huzaliwa nao, hauambukizi mtu, na hauishi. Makohozi yake ni mazito, yananata ndani ya mapafu, na yakikaa humo vijidudu hujenga nyumba. Mke wangu alikuwa analia, kwa hiyo daktari akanigeukia mimi, maana nilikuwa nimemweleza kwamba mama wa mtoto anafanya kazi ya nyumbani kwa watu, analala huko huko na kurudi Jumamosi, na mimi ndiye ninayeshinda na mtoto.

"Huyu atakohoa kila siku," akaniambia. "Kazi yako ni kujua siku ambayo kikohozi si kile cha kila siku."

Akanitajia mambo ya kuangalia. Kikohozi kikizidi au kikibadilika sauti, makohozi yakigeuka rangi, akianza kuacha chakula, nguo zikianza kumpwaya, akichoka kucheza, akipumua harakaharaka, homa. Nikiona lolote kati ya hayo nisingoje, nimlete. Nilitikisa kichwa kama mtu aliyekwisha kufaulu mtihani. Mimi ni fundi wa nguo. Mteja akisimama mlangoni najua kiuno chake kabla sijagusa utepe wa kupimia, na wakati mwingine najua pia kwamba atanidanganya kuhusu siku ya sherehe ili nimalize mapema. Kumtazama mtoto wangu mwenyewe kungenishinda?

Kusema kweli, mwanzoni hakukunishinda. Tulikaa Makina wakati huo, kule Kibera, kwenye nyumba ya mama mmoja Mnubi aliyezaliwa palepale na aliyemtambua kila mpangaji kwa hatua zake. Kila asubuhi nilimlaza binti yangu kifudifudi kwenye mapaja yangu, nikakunja kiganja na kumpigapiga mgongoni mpaka makohozi yalegee, naye akakohoa kwa nguvu zake zote na kutema kwenye mkebe. Nikayatazama yale makohozi kama ninavyotazama uzi dukani, rangi na unene. Mara mbili nilisikia kikohozi kimekuwa kizito, nikambeba siku hiyohiyo, na mara zote mbili daktari akasema nimefika mapema. Nilirudi nyumbani kichwa juu.

Lakini ukuta wa mabati hauna siri. Wapangaji wenzangu walisikia kila kitu na wakatoa hukumu yao, kwamba yule mtoto ana TB na baba yake anaificha. Siku moja binti yangu alikunywa maji kwa kikombe cha mtoto wa jirani, na mama wa yule mtoto akakichukua kile kikombe, akakitupa kwenye taka mbele yetu. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Nina mdomo mimi, na mama mwenye nyumba alikuwa akiniambia hivyo hata kabla ya siku ile.

Aliniita jioni akanikalisha kwenye benchi lake. Akasema hanifukuzi, ila watu wanaongea, na watu wanaongea kwa sababu hawajui. Akanishauri nilete barua ya daktari, yeye atawaita wapangaji wote uani, niwaeleze mara moja yaishe. Nilikataa. Nilimwambia mwanangu si mbuzi wa kupelekwa sokoni akaguliwe meno. Yule mama akasema, "Haya, mwanangu. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua." Niliona ananitukana. Mwezi huo haukuisha kabla sijahamisha cherehani yangu kwenda Kawangware.

Huko nilipata chumba cha mbele kwenye ploti moja ya vyumba vya kupanga, mlango ukitazama njia wanayopita watu wote. Ni mahali pazuri kwa fundi. Niliweka cherehani mlangoni na mkeka wa binti yangu nyuma ya kiti changu, nikajiapiza kwamba safari hii hakuna atakayejua. Alikuwa na miaka saba, ameanza shule karibu na hapo.

Wiki ya kwanza nilikuwa nampima mama mmoja mabega, binti yangu akaanza kukohoa. Yule mama akageuza shingo. Sijui ni nini kilinituma, nilijitupa kwenye kiti nikaanza kukanyaga cherehani kwa kasi bila kitambaa, sindano ikipanda na kushuka bure, kelele zikajaa chumba. Yule mama akaniuliza mashine ina nini. Nikamwambia inataka mafuta. Alipoondoka, binti yangu alicheka mpaka akalala kwenye mkeka, nami nikacheka naye. Hivyo ndivyo mambo yalivyoanza, kwa kicheko.

Ukawa mchezo wetu. Akisikia kikohozi kinakuja, ananivuta shati kwa nyuma na kuninong'oneza, "Kanyaga, Baba." Nakanyaga, yeye anakohoa chini ya ile kelele, anamaliza, tunaendelea. Kama nina kazi nashona, kama sina natia kitambaa kikuukuu nashona mistari isiyo na maana. Akawa bingwa wa kungoja. Angeweza kukizuia kikohozi mpaka mteja aliyekuwa akibishania urefu wa pindo aondoke, uso umemwiva, macho yamejaa maji, lakini kimya. Ile kazi ya asubuhi ya kumpigapiga mgongoni nikaifupisha nayo, nikiifanya upesiupesi huku redio imefunguliwa kwa sauti, na asubuhi nyingine nikaiacha kabisa. Mkebe niliuficha chini ya kitanda. Shuleni sijui alikuwa akifanyaje. Sikumuuliza.

Majirani wa Kawangware walimsifu. Walisema nina mtoto mpole, mwenye adabu. Nilifurahi, lazima niseme hivyo. Nilifurahi kuliko nilivyofurahi daktari aliponisifu.

Basi fikiria mtu aliyepewa kazi moja tu, ya kusikiliza, naye akaifanya huku anakanyaga cherehani. Sikujua tena kikohozi kiko vipi. Sikujua kama ni mara kumi kwa siku au mara arobaini, kama ni kikavu au kizito. Nilichojua ni kwamba hakuna aliyelalamika, nami nikaita hiyo nafuu. Mke wangu akirudi Jumamosi ananiambia mtoto amekonda. Nilimjibu kwamba yeye anamwona mara moja kwa wiki, mimi ninaishi naye. Kwamba anayeona mara moja kwa wiki ndiye mwenye macho mapya halikunijia kabisa. Sikio la kufa halisikii dawa.

Kuna jambo lingine, na hili linanikera zaidi kwa sababu ni la kazi yangu. Gauni lake la shule nililishona mwenyewe. Mwanzo wa muhula nililiachia nafasi ubavuni na kwenye pindo, kama fundi yeyote anavyomfanyia mtoto, maana mtoto hukua. Katikati ya muhula gauni likawa linampwaya. Nikamsimamisha, akainua mikono, nikabana kwa pini, nikapunguza. Wiki chache baadaye likampwaya tena, nikapunguza tena. Mara zote mbili nilikilaumu kitambaa. Nilisema ni kile kitambaa kipya kinacholegea kikifuliwa, na nikapanga kwenda kugombana na aliyeniuzia. Utepe wa kupimia ulikuwa shingoni mwangu. Sikuushusha nimpime.

Chapati alikuwa akila nusu na kuniachia nusu, nikasema amekuwa mchaguzi. Alikuwa ameacha kuruka kamba na watoto wa ploti, akitoka shule anakuja moja kwa moja kukaa kwenye mkeka nyuma yangu, kichwa ameegemeza kwenye kiti changu. Nilidhani ananipenda kuliko zamani.

Jumamosi moja mchana mke wangu alikuwa anafua mlangoni, mimi namalizia suti ya mtu. Akaligeuza lile gauni nje ndani ili alisugue. Kisha akaniletea likiwa linatona maji na kunionyesha mishono yangu miwili, mmoja ndani ya mwingine.

"Hii nguo umepunguza mara ngapi?"

Nikamwambia mara mbili, na kwamba kitambaa ni kibaya.

"Kwa hivyo ni kitambaa kimekonda?"

Nikaendelea kukanyaga. Akaniambia niache kukanyaga, nikaacha. Akamwita mtoto, akamvua fulana, akaweka sikio mgongoni. Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka hapo na niliweza kusikia bila kuweka sikio. Pumzi zake zilikuwa fupi, zikifukuzana, na ndani yake mlikuwa na sauti kama sufuria inayoanza kuchemka. Mbavu zilihesabika. Mtoto niliyekuwa nikishinda naye kutwa nzima ndiyo kwanza nilikuwa namwona. Mke wangu hakunigombeza. Alitafuta leso, akamfunika, akasema twende, na suti ya mtu ikabaki mguu mmoja una pindo na mwingine hauna.

Hospitalini tulimkuta daktari yuleyule. Akamtazama mtoto, akanitazama mimi, akatoa kalamu. Zamani nilikuwa nikifika pale na majibu yangu tayari. Safari hii akaniuliza kikohozi kilibadilika lini. Nikamwambia sijui. Akaniuliza makohozi yalikuwa na rangi gani wiki iliyopita. Sikujua, kwa sababu siku hizo mtoto alikuwa akiyameza. Mke wangu alikuwa ananitazama kwa mshangao, akingoja yule mume wake anayejua kila kitu aseme kitu.

Picha ya kifua ilionyesha sehemu ya chini ya pafu la kulia imeziba na kuharibika. Daktari alisema wangemlaza na kumpa dawa kwa mshipa kwa wiki mbili au zaidi, na kwamba sehemu fulani ingefunguka, lakini nyingine haingerudi. Alilisema bila ukali. Ningependa angenigombeza.

Kabla ya kuanza dawa walihitaji makohozi ya kupima. Muuguzi akamkalisha kitandani, akampa kikopo, akamwambia kwa upole, "Kohoa, mami. Kohoa kwa nguvu."

Binti yangu akafunga midomo. Niliona kifua kinaruka, mabega yanapanda, uso unaiva, macho yanajaa maji, na hakuna sauti. Muuguzi akamwambia asiogope. Mke wangu akamsihi. Wodi ilikuwa kimya wakati ule, watoto wengine wamelala baada ya chakula cha mchana. Yeye hakumtazama muuguzi wala mama yake. Alikuwa anatazama kiatu changu.

"Kanyaga, Baba," akasema, na sauti yenyewe haikutoka vizuri.

Muuguzi hakuelewa. Mke wangu naye hakuelewa, mpaka aliponiona nikianza kupigapiga mguu kwenye sakafu ya wodi ile, tap, tap, tap, mtu mzima, mbele za watu. Hapo ndipo binti yangu akakohoa. Alikohoa kwa muda mrefu, ameinama, mama yake akimshika kipaji cha uso. Kiatu changu hakikuwa na kelele ya kutosha kufunika chochote, kwa hiyo nilikisikia chote. Kilikuwa kizito na kinyevunyevu, kimetoka mbali, na mtu yeyote angejua kwamba hakikuanza wiki hiyo. Yaliyoingia kwenye kikopo yalikuwa ya kijani iliyokoza, na ndani yake mlikuwa na uzi mwembamba wa damu.

Nilimweleza mke wangu yote siku hiyo, tukiwa tumekaa kwenye benchi nje ya wodi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza jambo moja tu, kama mtoto alikuwa akikubali mchezo huo kwa hiari. Nikasema ndiyo, na hilo ndilo lililomliza.

Mtoto aliporuhusiwa kutoka hospitalini, niliwaita watu wa ploti, nikasimama mlangoni pangu na barua ya daktari, nikaeleza. Mmoja au wawili walirudi nyuma kidogo. Wengine waliuliza kama mtoto amekula, na yule mama wa mabega akasema, kumbe ile mashine haikutaka mafuta. Yote hayakuchukua hata nusu saa. Ile nusu saa ningeweza kuitoa Makina, uani, nikiwa na yule mama Mnubi kando yangu, na binti yangu angekuwa na mapafu mazima zaidi ya aliyonayo.

Sasa ana miaka kumi na mmoja. Tunaye, namshukuru Mungu. Kila asubuhi nampigapiga mgongoni na mlango uko wazi, na kila mwisho wa mwezi utepe unashuka shingoni, nampima. Nimemwambia mara zisizo na idadi kwamba akohoe tu, hakuna anayemkataza. Ananiitikia, "Sawa, Baba." Lakini mwili wake ulijifunza mapema, na mwalimu nilikuwa mimi. Anangoja pikipiki ipite. Anangoja maji yafunguliwe bombani, au mtu afunge mlango kwa kishindo.

Akiwa nyuma yangu kwenye mkeka na njia iko kimya, namsikia akikizuia. Naondoa miguu kwenye cherehani, naiweka chini, nangoja akohoe. Naye anangoja. Tunangojana hivyo, na siku nyingi anayeshindwa ni mimi, kwa sababu kile kikohozi hakifai kubaki ndani. Nakanyaga. Akianza tu, naachia ghafla ili nisikie kiko vipi, lakini naye amejua ujanja wangu, anakikata palepale. Ninachopata ni mkia wake tu, na kwa huo mkia naamua kama leo tutakwenda hospitali.