Sauti ya Besi Niliyompa Mgeni

Rafiki yangu aliimba besi. Naanza na hilo kwa sababu mengine yote yalitokana nalo. Alipofungua mdomo katika kwaya ya kanisa letu, hapa Mwanza, ulihisi benchi ulilokalia likitetemeka, na wazee waliosinzia wakati wa matangazo walikaa sawa. Kiwanda cha nguo alichofanyia kazi kilipopunguza watu, miaka ile ya tisini, alifungua banda la kutengeneza baiskeli mtaa wa Mirongo. Hata pale, akimwita mteja aliyesahau pampu yake, waligeuka wapita njia wote.

Mimi nilikuwa mwinjilisti wa kanisa hilohilo. Nilisoma chuo cha Biblia, nikapata humo Kiingereza cha kutosha, na kwa ajili hiyo niliombwa kumfundisha Kiswahili mwalimu kutoka ng'ambo aliyekuwa chuo cha ualimu Butimba. Alikuwa kijana mpole. Mkataba wake ulipokwisha aliniletea boksi, akasema ndani yake mna mchezo alioupenda tangu utotoni, na kwamba hakuwa na mtu mwingine wa kumwachia. Namshukuru hadi leo. Hakukosa lolote katika haya.

Ndani ya boksi mlikuwa na kitabu kinene na dadu za ajabu, nyingine zikiwa na pande nyingi hata hazikujua zisimame wapi. Mchezo wenyewe ni hadithi inayochezwa mezani. Mmoja ni msimulizi: anaeleza mahali, hali ya hewa, watu wanaokutana nao njiani, na adui. Wengine kila mmoja ana mtu wake ndani ya hadithi, naye anasema mtu huyo anafanya nini. Penye shaka, dadu huamua. Hakuna ubao wala kete za kula. Hadithi inaweza kuendelea miezi.

Tulicheza Jumamosi alasiri barazani kwangu, baada ya mazoezi ya kwaya. Tulikuwa mimi, rafiki yangu, fundi cherehani Mwislamu aliyepakana na banda lake, na mke wangu, aliyesema anatuletea chai na michembe ya viazi vitamu tu, kisha akavuta kiti.

"Yaani watu wazima wanakaa mezani wanajifanya mashujaa?" fundi cherehani aliuliza siku ya kwanza.

"Wewe si unajifanya una wateja kila siku?" rafiki yangu akamjibu. "Kaa, bwana."

Hadithi niliileta ziwani. Palikuwa na kijiji cha wavuvi. Rafiki yangu alikuwa mwenye mtumbwi, fundi alikuwa mfanyabiashara wa chumvi, mke wangu mkunga. Adui nilimtoa katika kitabu: pepo mwenye nguvu anayeingia ndani ya mtu na kumtawala kutoka humo. Sikutaka kulitamka jina lake la kitabuni, nikamwita Mgeni.

Nilimfanyia kazi Mgeni yule kuliko hata mahubiri mengine. Chuoni tulifundishwa kwamba uovu hauji na pembe; huja na msaada. Basi Mgeni alifika kijijini akiwa mtu wa kupendeza. Alipata nyavu zilizopotea. Alikaa na wafiwa usiku kucha. Aliponya homa ya mtoto ambaye mkunga alikuwa ameshakata tamaa naye. Fundi cherehani mwenyewe ndiye aliyesimama katika baraza la kijiji, akashikilia Mgeni apewe nyumba. Niliweka sharti moja tu ambalo hawakulijua: atakayepokea zawadi ya Mgeni amemfungulia mlango. Mwenye mtumbwi akapokea wavu mpya. Dadu ikarushwa, ikaanguka vibaya. Mgeni akaingia.

Hapo nikakwama. Kitabu kilisema msimulizi azungumze kama adui mwenyewe, aseme "mimi". Sikuweza. Niliona mdomo utakaohubiri Jumapili haufai kusema "mimi" kwa niaba ya shetani Jumamosi. Nikatafuta njia, na nilipoipata nilijiona nina hekima: aliyeingiwa ndiye atakayesema. Nitamnong'oneza maneno sikioni, yeye atayatoa. Hivyo Mgeni angekuwa na sauti, na ulimi wangu ungebaki safi.

Nikamwinamia rafiki yangu, nikamnong'oneza. Akaitikia kwa kichwa, akavuta pumzi kama afanyavyo wimbo unapokaribia zamu ya besi, akasema, "Mimi sikubisha hodi. Mlinifungulia wenyewe."

Mke wangu aliweka birika chini.

"Lahaula!" fundi akaruka. "Bwana, turudishie ile sauti ya baiskeli!"

Tulicheka mpaka machozi. Tangu siku hiyo hakuna aliyetaka Mgeni atolewe. Kila mmoja alitaka kumsikia. Fundi alikuja mapema, akafunga duka, akasema anakuja kutishwa. Ni rafiki yangu tu aliyelalamika, tena kwa mzaha. "Mwinjilisti, mtu wangu anatoka lini? Nimechoka kukaliwa."

"Jumamosi ijayo," nilimwambia. Jumamosi ijayo ikifika nilizua kikwazo kingine, kwa sababu mimi nami nilipenda kuisikia sauti ile ikisema maneno yangu. Mahubiri yangu hayajawahi kusikilizwa vile.

Wakati huohuo kwaya ilikuwa inajiandaa kurekodi kanda yake ya kwanza. Ilikuwa miaka ya kanda. Kila kibanda cha soda kilikuwa na redio kaseti, na kwaya isiyo na kanda ilionekana haipo. Wimbo wa kwanza wa kanda yetu ungeanza na besi peke yake, mistari miwili mizima, kabla ya wengine kuingia. Mwalimu wa kwaya aliutunga hivyo kwa ajili ya rafiki yangu. Tangu kiwanda kilipomwacha sikuwa nimemwona akilitaka jambo lolote kiasi kile. Aliuimba akiziba pancha, aliuimba akija kwangu. "Kazi yangu ya kiwandani imefutika," aliniambia, "lakini hii watoto wangu wataiwasha wakitaka, hata nikiwa sipo."

Jumamosi moja mkunga na mfanyabiashara wa chumvi walikuwa wamembana Mgeni ndani ya nyumba ya mwenye mtumbwi. Nilimnong'oneza rafiki yangu, naye akasimama ili sauti itoke vizuri. "Mimi sitoki. Nyumba hii ni yangu, na huyu ni wangu!"

Hatukusikia geti. Mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, pamoja na wenzake wawili, walikuwa wamekuja kumchukua mke wangu waende kumwombea mgonjwa. Walikuta mtu amesimama barazani kwa mwinjilisti, macho yamemtoka, akisema maneno yale kwa sauti ile. Yule mama akapiga magoti palepale kwenye changarawe, akanyoosha mkono.

"Toka! Kwa jina la Yesu, toka!"

Rafiki yangu alidhani yule mama naye ameingia mchezoni. Kwa nini asidhani? Mke wangu alianza hivyohivyo. Akamgeukia, wala hakungoja nimnong'oneze, kwa kuwa sasa alikuwa anamjua Mgeni kuliko mimi. "Sitoki! Nani amekualika wewe?"

Fundi cherehani akaangua kicheko. Kicheko kile kilimaliza kila kitu. Wale akina mama wengine wawili walikimbia hadi barabarani.

Nilimwinua yule mama, nikamweleza. "Mama, ni mchezo. Maneno yote ni yangu. Mimi ndiye ninayemnong'oneza."

"Wewe, Mwinjilisti?" Alijikung'uta changarawe magotini. "Mbona wewe sikukusikia?"

Alinitazama kwa huruma, akiniona mtu anayemfichia ndugu yake aibu. Tangu hapo nilirudia maneno hayo kwa kila aliyekubali kusikiliza: kwa mchungaji, kwa kikao cha wazee wa kanisa, kwa mwalimu wa kwaya. Sikuficha kitu. Niliwaonyesha kitabu na dadu. Wazee walinisikiliza kwa heshima, wakanionya kidogo, wakaniambia nivichome, nami nikavichoma. Kitabu kiliungua haraka. Dadu ziliyeyuka, zikashikana zikawa donge moja. Jumapili iliyofuata nilihubiri kama kawaida. Mimi nilisamehewa kabla sijaomba.

Kwa rafiki yangu haikuwa hivyo, maana walimsikia kwa masikio yao. Mama mwema mmoja alisema watoto wake wanalia kwaya ikianza. Jambo hilo lilikuwa kweli, niliwaona. Besi ilipoingia, walificha sura kwenye khanga ya mama yao. Wazee wakaamua apumzike kwanza kuimba, aombewe, kisha mambo yaangaliwe upya. Siku ya kurekodi kanda ilikuwa karibu. Alikubali kila kitu. "Waniombee tu," alisema. "Maombi hayajamdhuru mtu."

Akapiga magoti mbele ya madhabahu, watu wamemzunguka. Mimi nilisimama nyuma kidogo pamoja na wazee. Waliomba sana, tena kwa upendo. Sitaki msomaji awafikirie vibaya. Kisha aliyeongoza maombi akamwekea mkono kichwani, akauliza, "Wewe uliye ndani, jina lako nani?"

Rafiki yangu akafumbua macho, akanitafuta. Akainamisha kichwa upande wangu kidogo, sikio limenielekea, vilevile kama alivyofanya barazani akisubiri maneno. Sidhani hata alijua anafanya hivyo. Sikuwa na neno la kumpa.

"Jina lako nani?"

Akataja jina lake. Alitaja lile alilobatizwa nalo na la baba yake, polepole, kwa sauti aliyozaliwa nayo. Sauti ile ikazunguka kanisani, ikarudi, na nikaona watu wakisogea nyuma hatua moja. "Amejibu," mtu mmoja akanong'ona. Walimngoja mwingine azungumze, na hapakuwa na mwingine.

Kwaya ilirekodi bila yeye. Vijana watatu walipewa ile mistari miwili, wakaiimba kwa pamoja, wala hawakukosea. Ninayo kanda hiyo. Kabla ya msimu wa mpunga alifunga banda, akachukua mke na watoto, akarudi kwa wazazi wake Magu. Alikuja kuniaga. Hakuwa na neno baya. Alisema tu, "Hujamtoa mtu wangu."

Nilitaka kwenda kumwona mwaka uleule. Nikaahirisha kwa ajili ya semina, kwa ajili ya ugonjwa wa mama, na, niseme kweli, kwa ajili ya soni. Ilipita miaka kadhaa. Nilipofika, watoto wake walikuwa wamerefuka, wakaniamkia mmoja mmoja, "Shikamoo, baba mkubwa," na mke wake akachinja kuku kana kwamba mimi ndiye niliyewatendea wema.

Baada ya chakula akaniuliza, "Hivi yule mwenye mtumbwi bado yumo mle ndani?"

"Yumo," nikasema. "Kitabu nilikichoma."

"Kwani kitabu ndicho kilichokuwa kinaongea?" Akachukua sarafu juu ya kabati. "Tutarusha hii. Lakini leo mimi nasema ya mwenye mtumbwi. Ya Mgeni sema mwenyewe."

Nikasema. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilisema "mimi" kwa niaba ya yule niliyemtunga. Sauti yangu ni nyembamba, na siku ile nilikuwa na mafua. Nilisema, "Mimi sitoki," nikakohoa katikati.

Mke wake alicheka huko jikoni. "Ndiye huyo?" aliuliza kwa sauti. "Ndiye huyo aliyewafukuza watu kanisani?"

"Shetani mwenye kikohozi," rafiki yangu akasema. "Laiti angekuja huyu tangu mwanzo, mama mwenyekiti angempa pole na chai ya tangawizi."

Tulicheka, na nilipokuwa nacheka nilielewa kwamba ndivyo ilivyopasa kuwa. Sikupaswa kumpa Mgeni sauti nzuri kuliko zote mezani. Ningemwachia hii yangu, watu wangemsikia jinsi alivyo, na sauti ya besi ingebaki kwa Mungu na kwa mwenyewe. Mwenye mtumbwi alirusha sarafu, akarudisha wavu aliopewa, akautupa mlangoni, na Mgeni akatoka. Ilichukua muda mfupi kuliko kikombe cha chai. Ningeweza kuyamaliza hayo Jumamosi yoyote.

Kesho yake ilikuwa Jumapili, tukaenda kanisani kwao. Alikaa nami katikati ya watu, si kwenye kwaya. Nilijiambia kwamba sasa ataimba. Wimbo ukaanza, alifungua kitabu cha nyimbo, akafuata maneno kwa kidole, midomo ikaenda, na sauti haikuja. Nikasubiri pale besi inaposhuka peke yake. Haikuja.

Basi nikaijaribu mimi. Niliimba besi kwa sauti ile nyembamba, vibaya, nikitumaini atashindwa kuvumilia na kunisaidia. Akanigusa kwa kiwiko. Kisha akainama, akaweka mdomo karibu na sikio langu, akaninong'oneza noti za besi, moja baada ya nyingine, nami nikaziimba.